Mlima wa Mei 2018

Fungua Google Trends, andika jina la Loris Karius, chagua dunia nzima na muda wote tangu 2004, kisha tazama mchoro unaojitokeza. Kwa miaka mingi mstari umelala chini kabisa. Halafu unakuja mlima mmoja mkali, Mei 2018, na baada yake mstari unarudi kulala, ukiacha vichuguu vichache hapa na pale. Mtu asiyefuatilia mpira akionyeshwa mchoro huu atakuambia kwamba mwezi ule kijana huyu alifanya jambo kubwa na dunia ikageuka kumtazama. Atakuwa amepatia. Ukimuuliza kama dunia ilimpenda, atajibu ndiyo, kwa sababu tumezoea kuona mstari unaopanda tukadhani ni habari njema. Hapo atakuwa amekosea, na kosa hilo hufanywa kila siku na mawakala wa wachezaji, watu wa matangazo, na waandishi wanaopanga orodha za mastaa wa mtandaoni.

Kilichotokea kinajulikana, ila kinafaa kusimuliwa polepole, maana vipimo vingi nitakavyovitaja vinarejea usiku ule. Jumamosi ya 26 Mei 2018, Liverpool ilikutana na Real Madrid kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Uwanja wa Olimpiyskiy, Kyiv. Karius alikuwa na miaka 24, mzaliwa wa Biberach kusini mwa Ujerumani, aliyenunuliwa kutoka Mainz miaka miwili kabla. Mapema kipindi cha pili Sergio Ramos alimgonga kichwani kwa kiwiko ndani ya boksi; mwamuzi hakupuliza, mchezo ukaendelea. Dakika ya 51 Karius aliudaka mpira mwepesi, akainuka haraka, akataka kumrushia beki wake kwa chini. Karim Benzema akanyoosha mguu tu. Mpira ulimgonga ukaviringika hadi wavuni, taratibu kiasi kwamba kila mtu uwanjani aliweza kuufuata kwa macho. Sadio Mané alisawazisha dakika nne baadaye. Gareth Bale akaingia kutoka benchi na kufunga kwa tikitaka ambayo hakuna kipa wa kumlaumu. Kisha, dakika ya 83, Bale huyohuyo akaachia shuti la mbali likamfuata kipa aliposimama. Karius alipeleka mikono yote miwili, mpira ukamponyoka, ukatinga nyuma yake. Tatu kwa moja. Kipyenga cha mwisho kilipolia alikwenda upande wa mashabiki wa Liverpool akilia, viganja ameviinua kuomba radhi.

Sasa turudi kwenye mlima. Kilele chake kimeandikwa 100, na wengi huisoma namba hiyo kama idadi ya watu au asilimia yao. Sivyo. Google huchukua sampuli ya mambo yaliyotafutwa, hugawa utafutaji wa jina husika kwa utafutaji wote wa mahali pale na muda ule, kisha kipindi chenye uwiano mkubwa kuliko vyote hupewa 100. Vipindi vingine vyote hupimwa kwa kipindi hicho. Kwa hiyo kilele kikiwa kirefu mno, kila kitu kingine hufutika. Karius alikuwa kipa namba moja wa Liverpool tangu Januari ya mwaka ule, akadaka miezi minne na zaidi hadi klabu ikafika fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 2007. Kazi hiyo yote kwenye mchoro ni kama haikuwahi kufanyika.

Badilisha muda uone. Anza kuhesabu mwaka 2020, na mlima unatoweka. Vichuguu vilivyokuwa havionekani vinasimama: kwenda Union Berlin kwa mkopo, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley Februari 2023 akiwa na Newcastle, kusajiliwa na Schalke 04 Januari 2025. Michoro yote miwili ni ya kweli, na inatuonyesha watu wawili tofauti. Aliyechagua tarehe ndiye aliyechagua tumwone yupi, ndiyo maana ripoti yoyote ya umaarufu isiyotaja tarehe zake haifai hata kusomwa hadi mwisho.

Jina nalo lina mtego wake. Ukiandika Karius peke yake, unazoa na watu wasiomtafuta kipa. Mwaka 1949 mwandishi wa Norway, Thorbjørn Egner, alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Karius og Baktus, kuhusu vijitu viwili vinavyoishi ndani ya meno ya mtoto na kuyachimba. Kitabu hicho kinapendwa Skandinavia na Ujerumani mpaka leo, na mzazi wa Oslo anayekitafuta usiku ili mwanawe akubali kupiga mswaki anahesabiwa kwenye umaarufu wa kipa. Makipa wengine wa Ujerumani wana mtego huohuo: Bernd Leno anagawana jina na Jay Leno, mtangazaji maarufu wa televisheni ya Marekani. Kevin Trapp anagawana na familia ya waimbaji kutoka Austria. Manuel Neuer ana shida kuliko wote, maana jina lake la ukoo ni neno la kawaida ambalo Mjerumani huliandika hata anapotafuta gari jipya. Google inakupa nafasi ya kuchagua mada badala ya herufi, ukamtenga mwanadamu na maneno yanayofanana na jina lake. Wanaopima kwa haraka hawaitumii nafasi hiyo.

Kipimo ninachokiheshimu zaidi kinatoka Wikipedia. Tangu Julai 2015 kuna hesabu ya wazi ya ukurasa wowote, siku kwa siku, lugha kwa lugha, na roboti zinazozunguka mtandaoni zimetengwa na watu. Hapa namba ni namba: ukurasa ulifunguliwa mara kadhaa, basi. Mtu mmoja akifungua mara tano atahesabiwa tano, lakini angalau hakuna kilele kinachokunja historia nzima chini yake. Jambo la kuzingatia ni nani anafungua. Shabiki wa damu hafungui ukurasa wa kipa wake kujua alizaliwa wapi. Anajua tangu zamani. Anayefungua ni mgeni, mtu aliyesikia jina jana usiku na sasa anataka kujua huyu ni nani. Wikipedia basi inatuambia vizuri sana jina limefika mbali kiasi gani nje ya mashabiki wake. Kuhusu waliokuwa wakimshangilia tangu Mainz, haituambii kitu.

Wafuasi wa Instagram ndiyo namba inayotajwa zaidi, nami ndiyo ninayoipa uzito mdogo zaidi. Hupanda kwa urahisi na kushuka kwa shida. Aliyekasirika kwa nadra huondoka. Wengine hujiunga ili wapate pa kutukania. Akaunti feki zimejaa: Desemba 2014 Instagram ilipozifagia, mastaa waliamka wakakuta wamepungukiwa wafuasi kwa malaki na hata mamilioni. Tena sehemu kubwa ya wafuasi wa mchezaji ni mali ya klabu. Marc-André ter Stegen alipotoka Borussia Mönchengladbach kwenda Barcelona mwaka 2014 alibaki kijana yuleyule mwenye mikono ileile, ila sasa alikuwa anasimama kwenye lango linalotazamwa na dunia nzima. Karius alipopelekwa Beşiktaş Agosti 2018, mashabiki wa Istanbul waliingia kwenye akaunti yake wakiwa na bendera zao. Baadaye akamwoa Diletta Leotta, mtangazaji wa michezo wa Italia mwenye wafuasi wengi kuliko yeye kwa mbali, na picha za harusi yao ya 2024 zilisambaa kwa watu ambao huenda hawajawahi kumwona akidaka hata mpira mmoja. Ukitaka kumpima kipa kwa namba hii bila kujidanganya, mweke kando ya kipa mwenzake wa klabu ileile na msimu uleule, kwa mfano Karius na Simon Mignolet wa Liverpool, uone mmoja anamzidi mwenzake kwa nini. Kumlinganisha kipa wa Liverpool na kipa wa Mainz ni kupima ukubwa wa Liverpool.

Vipimo hivi vyote vina upungufu mmoja: havina alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Kipimajoto hukuonyesha kwamba mwili una homa, hakisemi ni malaria au ni kidonda kilichooza. Aliyemtafuta Karius usiku wa 26 Mei ili amwombee na aliyemtafuta ili atengeneze picha ya kumcheka waliongeza kitu kilekile kwenye mlima uleule.

Wapimaji wanalijua hilo, ndiyo sababu wakatengeneza programu za kusoma hisia. Programu huchukua maelfu ya maoni, hupanga kila moja katika kundi la kusifu, kulaani, au la katikati, kisha hutoa jumla. Kwa Kiingereza kilichonyooka hufanya kazi nzuri. Lakini mpira hauzungumzwi kwa lugha iliyonyooka. Chukua sentensi ambayo shabiki yeyote wa Afrika Mashariki angeiandika baada ya usiku kama ule: “Kipa wetu mkarimu kweli, mgeni haondoki mikono mitupu.” Kila neno ndani yake ni la heshima na la nyumbani. Mashine iliyofundishwa Kiswahili cha vitabuni itaipa alama ya juu kabisa ya mapenzi, wakati msemaji wa Kiswahili anajua kwamba kipa huyo amechomwa. Weka na vikaragosi vya uso unaocheka hadi machozi, ambavyo huandamana na utani wa kirafiki na kejeli ya kuumiza vilevile. Weka na uhasama wa mashabiki: maneno mengi mazuri aliyoandikiwa Karius wiki ile yalitoka kwa watu wa Everton na Manchester United, wakimshukuru. Mapenzi ya aina hiyo yanahesabiwa upande gani?

Liverpool ina mashabiki wengi sana Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Kampala na Bujumbura. Wengi wao waliitazama fainali ile kwenye vibanda umiza, viti vya plastiki vimebanana, na walichosema juu ya kipa walikisema kwa sauti, papo hapo, kwa watu waliokuwa jirani yao. Kilichoandikwa ni sehemu ndogo, na kilichoandikwa kwa Kiswahili kikasomwa sawasawa na mashine ni kidogo zaidi. Nikiona ripoti inayosema mchezaji fulani anapendwa na dunia kwa asilimia fulani, swali langu la kwanza ni lugha ngapi zilisomwa.

Kwa nini kipa, kuliko mchezaji mwingine yeyote? Kwa sababu kazi yake nzuri haina sauti. Kipa aliyejipanga vizuri hahitaji kuruka. Aliyewapanga mabeki wake vizuri hapigiwi shuti kabisa, na shuti ambalo halikupigwa halina video ya kusambaza. Mshambuliaji akikosa mara tano akafunga ya sita, kitakachozunguka mtandaoni ni ya sita. Kipa akiokoa tano akafungwa ya sita kizembe, kitakachozunguka ni ya sita vilevile. Mtandao unaokota cha ghafla, na kwa mlinda mlango cha ghafla mara nyingi ni maafa.

Oliver Kahn alionja hilo kabla mitandao haijazaliwa. Kwenye Kombe la Dunia la 2002 aliibeba Ujerumani hadi fainali akiwa amefungwa bao moja tu katika mechi sita. Yokohama, 30 Juni, dakika ya 67, Rivaldo alipiga shuti ambalo Kahn angelidaka siku yoyote nyingine. Mpira ukamtoka kifuani, Ronaldo akawahi. Kahn alitoka Japani na Mpira wa Dhahabu wa mchezaji bora wa mashindano, kipa pekee aliyewahi kuupata katika Kombe la Dunia la wanaume, na picha inayokumbukwa ni ile akiwa ameketi ameegemea mwamba wa goli mechi ikiwa imekwisha. Facebook ilikuja miaka miwili baadaye, Twitter minne, Instagram minane. Miaka 22 baadaye, 8 Mei 2024, Neuer alikuwa Santiago Bernabéu na Bayern, akiwa na miaka 38, akiokoa kila walichompelekea Real Madrid mpaka dakika ya 88. Shuti la Vinícius likamtoka mikononi, Joselu akawahi. Kosa ni lilelile, la kipa mkubwa katika usiku mkubwa. La Neuer lilikuwa limekatwa vipande vya sekunde kumi na kutumwa kila pembe ya dunia kabla refa hajamaliza mechi, na kazi ya dakika 87 haikuwamo kwenye vipande hivyo.

Vipimo vya zamani vilikuwa vikali, ila vilikuja na alama yao. Kahn alirushiwa ndizi na mashabiki wa viwanja vya ugenini kwa miaka. Aprili 2000, Freiburg, alipigwa na mpira wa gofu akatoka damu kichwani. Hakuna aliyehitaji programu ya kusoma hisia. Bert Trautmann wa Bremen, askari wa Ujerumani aliyetekwa vitani akabaki Uingereza, aliposajiliwa na Manchester City mwaka 1949, watu wapatao 20,000 waliingia barabarani kumpinga. Miaka saba baadaye waandishi wa mpira wa Uingereza walimchagua mchezaji bora wa mwaka, siku chache kabla ya fainali ya Kombe la FA ambayo aliimaliza akiwa amevunjika shingo. Maandamano ni kutoa, kura ni kujumlisha; kati ya hivyo viwili unaiona safari nzima ya jiji moja na mtu mmoja. Katika miaka ya 1970 Trautmann alifundisha soka Tanzania, akiwa ametumwa na mpango wa Ujerumani Magharibi wa kusaidia nchi zinazoendelea. Alifariki Julai 2013. Kwenye Google Trends, inayoanza 2004, mzee huyu ni mstari wa chini unaogutuka siku ya msiba wake na ilipotoka filamu ya maisha yake. Anayepanga orodha ya makipa maarufu wa Ujerumani kwa namba za mtandaoni atamweka chini ya kijana wa benchi la Bundesliga, na hatajua alichokosa.

Kura za kujumlisha bado zipo, na mwaka 2014 ziliandika jambo ambalo mtandao haukuliona vizuri. Neuer alikuwa ametwaa Kombe la Dunia Brazil, na mechi yake na Algeria pale Porto Alegre, alipokuwa akitoka nje ya boksi kufyeka mipira kama beki wa mwisho, ilibadilisha namna makipa wanavyofundishwa. Kwenye Ballon d'Or, makapteni na makocha wa timu za taifa pamoja na waandishi walimpa asilimia 15.72 ya kura. Lionel Messi alipata 15.76. Wajuzi wa mchezo waliwaona kipa na Messi wako karibu sawa, tofauti ya sehemu nne kati ya elfu kumi. Ukichukua kipimo chochote cha mtandaoni cha mwaka ule, wafuasi, utafutaji au picha zilizopendwa, Messi anamwacha Neuer mbali asionekane. Namba zote mbili ni za kweli. Moja inauliza nani alicheza vizuri, nyingine inauliza watu walikuwa wanamtazama nani, na mimi sioni sababu ya kuziita kwa jina moja la umaarufu.

Kuna mtu mmoja ambaye siwezi kuandika juu ya makipa wa Ujerumani na hesabu za watu bila kumtaja. Robert Enke, kipa wa Hannover 96 na wa timu ya taifa, alijiua 10 Novemba 2009, akiwa na miaka 32. Alikuwa ameugua sonona kwa miaka na kuificha, akiogopa kwamba ikijulikana angepoteza kazi yake na binti waliyemlea yeye na mkewe. Siku tano baadaye watu wapatao 40,000 walikwenda uwanjani Hannover kumuaga. Mkewe, Teresa, alikuwa amekaa mbele ya waandishi wa habari siku moja tu baada ya kifo na kusema wazi ugonjwa ulikuwa nini, na taasisi yenye jina la Enke imekuwa ikifanya kazi ya sonona tangu 2010. Mapenzi ya watu 40,000 yalikuwapo kabla ya siku ile. Hakukuwa na chombo cha kumfikishia akiwa hai, na vyombo vingi vilikuwapo vya kumfikishia lawama kila Jumamosi.

Ndiyo maana nakataa kuuita mlima wa Mei 2018 umaarufu na kuendelea na shughuli. Ndani yake kulikuwa na vitisho vya kuuawa kwa Karius na kwa familia yake, hadi polisi wa Merseyside wakatangaza kwamba wanavijua. Tarehe 4 Juni madaktari wa Massachusetts General Hospital ya Boston, waliompima siku tano baada ya mechi, walisema alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo na kwamba uwezo wake wa kuona na kukadiria umbali huenda ulikuwa umeathirika dakika zile. Habari hiyo nayo iliinua mstari. Wapo walioisoma wakanyamaza kwa aibu. Wapo walioisoma wakaongeza utani. Mwezi wa Julai, mpira ulipomponyoka tena kwenye mechi ya kirafiki na Tranmere, video ilisambaa kana kwamba ni fainali nyingine. Mohamed Salah alimwandikia hadharani maneno ya kumtia moyo. Siku chache tu baadaye Liverpool ikamsajili kipa mwingine, Alisson, kutoka Roma.

Baadhi ya wapimaji wameanza kuhesabu upande wa kutoa peke yake, na hii naiona ni kazi ya maana. FIFA na chama cha wachezaji FIFPRO walianzisha huduma ya kuchunguza matusi mtandaoni kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022. Katika machapisho na maoni yapatayo milioni 20 yaliyopitiwa, zaidi ya 19,000 yalithibitishwa na wanadamu kuwa ya unyanyasaji na kuripotiwa. Maneno “na wanadamu” ndiyo muhimu hapo. Mashine ilichuja, macho ya mtu yakaamua.

Nisije nikaonekana nasema milima yote ya makipa ni ya majonzi. Julai 2025, Basel, robo fainali ya Euro ya wanawake, Ujerumani ilicheza na Ufaransa ikiwa na wachezaji kumi tangu dakika ya 13. Katika muda wa nyongeza Ann-Katrin Berger, kipa mwenye miaka 34 aliyewahi kutibiwa saratani ya tezi mara mbili, alikimbia kinyumenyume kuelekea lango lake, akajirusha nyuma hewani na kuufuta kwa vidole mpira uliokuwa unaingia, uliopigwa kwa kichwa na beki wake mwenyewe. Kwenye matuta aliokoa mawili na kufunga moja. Picha ya ule mruko ilizunguka dunia, na kwa mara moja mstari ulipanda ukiwa na alama ya kujumlisha isiyo na ubishi. Siku nne baadaye, Zürich, Aitana Bonmatí wa Uhispania alimfunga dakika ya 113 kwenye mwamba wa karibu, na Berger akajitwika lawama mbele ya kamera. Vilele viwili ndani ya wiki moja, vya mtu mmoja, vya sababu zinazopingana. Anayepima kwa mwezi mzima atavikuta vimeungana kuwa kimoja na kuandika kwamba Julai ulikuwa mwezi mzuri kwake. Anayepima kwa siku ataviona vyote, mradi aweke ratiba ya mechi pembeni.

Kwa Karius kazi hiyo bado haijafanywa vizuri. Schalke ilimchukua Januari 2025 akiwa hana klabu, na msimu wa 2025/26 akawa kipa wa kwanza, Bundesliga ya pili, kwenye uwanja unaobeba watu zaidi ya 62,000 mjini Gelsenkirchen, mji alikozaliwa Neuer. Mimi ningeanza na ukurasa wake wa Wikipedia ya Kijerumani, siku za mechi za Schalke tu, nikatoa siku zenye habari za familia yake, kisha nikauweka kando ya ukurasa wa Kiingereza wa siku zilezile, nione kama mistari hiyo miwili inapanda pamoja au kila mmoja una siku zake.